Barabara ya kulipia ya Entebbe: elfu tano zinakununulia nini, na zinakuacha wapi

Lita moja ya petroli Kampala na kupita mara moja kwa gari dogo kwenye barabara ya mwendo kasi ya Entebbe ni karibu bei moja: shilingi 5,000, juu au chini kidogo kutegemea kituo unachonunua mafuta. Kipimo hicho kinatosha kuipima huduma hii. Ukifika getini umeshachoma lita moja ambayo haikuingia kwenye tangi. Swali ni kama barabara itakurudishia lita hiyo kabla hujafika. Anayekwenda Naalya, kitongoji cha kaskazini-mashariki mwa Kampala, saa za foleni hurudishiwa na chenji juu. Anayekwenda katikati ya mji mchana harudishiwi. Huyo ananunua muda tu, tena kidogo kuliko anavyodhani.

Barabara yenyewe ilifunguliwa Juni 2018 na kwa zaidi ya miaka mitatu ikawa bure. Tozo ilianza Januari 2022, na uendeshaji wake ukapewa kampuni ya Kifaransa ya Egis. Ujenzi ulichukua dola milioni 476, ambazo 350 kati yake ni mkopo wa Benki ya Exim ya China. Ukigawanya kwa urefu wake wa karibu kilomita 50, kila kilomita imekula zaidi ya dola milioni 9. Deni hilo linalipwa na Mganda yeyote, hata yule ambaye hatakanyaga lami ile maisha yake yote. Tutamrudia huyo chini.

Kuna vipande viwili, na wengi huvichanganya. Kipande kikuu kinatoka Mpala, jirani na Abaita Ababiri upande wa Entebbe, hadi Busega kwenye Northern Bypass, barabara inayouzunguka mji kwa kaskazini: karibu kilomita 37. Kipande cha pili kinachepuka kwenda Munyonyo: kama kilomita 13 hivi. Mageti ya kulipia yako Mpala, Kajjansi na Busega. Bei zinaanzia 3,000 kwa pikipiki kubwa zenye injini ya zaidi ya cc 400 na kufika 18,000 kwa malori makubwa kabisa. Gari dogo ni 5,000. Boda za kawaida, bajaji, baiskeli na waenda kwa miguu hawaruhusiwi kabisa.

Bei hiyo ni ya safari, si ya kilomita, na hapo ndipo ninapoishushia alama. Barabara ya kulipia ya Nairobi, ya kilomita 27, inakutoza kwa umbali kati ya kituo ulichoingilia na ulichotokea. Anayekatiza kipande kifupi analipa kidogo, na anayetoka Mlolongo hadi Westlands analipa shilingi 500 za Kenya tangu bei zilipopandishwa Januari 2024. Kwa pesa za Uganda hiyo ni karibu mara tatu ya tozo ya Entebbe, kwa hiyo mwenye safari ndefu asilalamike sana. Lakini mkazi wa Kajjansi anayetaka kuruka vilima viwili tu hana nafuu yoyote hapa, na ndiyo maana unamwona bado yuko Seguku amebanwa nyuma ya lori la mchanga.

Sasa tupige hesabu. Chukua gari la kawaida la Kampala, Premio au Corolla ya cc 1500. Kwenye foleni ya kusogea na kusimama, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, linakwenda karibu kilomita 7 kwa lita. Kwenye barabara ya mjini iliyo wazi, 11. Kwenye mwendo wa sawasawa wa kilomita 90 kwa saa, 14. Kama lako lina injini ya cc 2000 au zaidi, punguza namba zote, lakini uwiano unabaki ule ule. Petroli tuiweke 5,000 kwa lita. Rekebisha kwa bei ya siku.

Unatoka Abaita Ababiri saa moja asubuhi kwenda Naalya. Kwa barabara ya zamani utapita Kisubi, Kajjansi, Zana, Najjanankumbi, Kibuye, ukatishe mji mzima, jumla karibu kilomita 44, nyingi kwa mwendo wa konokono. Hiyo ni lita 6.3. Kwa barabara ya kulipia: kilomita 37 hadi Busega ni lita 2.6, kisha Northern Bypass karibu kilomita 16 ni lita 1.5 nyingine. Jumla 4.1. Umeokoa lita 2.2, yaani shilingi 11,000. Toa tozo, unabaki na 6,000 mfukoni, na hapo sijahesabu muda, klachi wala breki. Kwa safari za namna hii (Naalya, Ntinda, Kyaliwajjala, Kireka, Bweyogerere, au anayeendelea Mukono na Jinja) huduma hii ni ya nyota tano. Yanayoiharibia ni machache, nayo yako kwenye bypass, ambayo haina tozo na haimo kwenye mkataba huu.

Badilisha mwisho wa safari: unakwenda Wandegeya. Barabara ya zamani ni kama kilomita 32. Kwenye foleni zinakula lita 4.6. Barabara ya kulipia inakupeleka kwanza magharibi mpaka Busega, kisha inakutupa kwenye Masaka Road upite Natete na Rubaga pamoja na kila mtu anayetoka Mpigi na Masaka. Kilomita 37 za raha ni lita 2.6, kilomita 8 za mateso ni lita 1.1, jumla 3.7. Umeokoa lita 0.9, shilingi 4,500, na umelipa 5,000. Kwa hesabu ya mafuta peke yake umetoka na hasara ya mia tano. Muda utakaookoa unategemea Busega imelalaje siku hiyo. Ujenzi wa barabara ya Busega–Mpigi umekuwa ukisuasua kwa miaka, na pale mzunguko unapokutana na magari ya Masaka, ya bypass na ya kutoka Entebbe kwa pamoja, dakika 25 ulizotumia kutoka Mpala zinaweza kufuatwa na dakika 40 za kusogea kilomita tatu.

Na kama si saa ya foleni, hesabu inageuka kabisa. Baada ya saa nne usiku, au Jumapili asubuhi, barabara ya zamani inakwenda. Kilomita 32 kwa lita 2.9, bila tozo. Kwa kupita Busega utatumia lita 3.4 hivi na 5,000 juu yake. Yaani umelipa zaidi ya shilingi 7,000 za ziada ili ufike karibu muda ule ule. Wanaofanya hivyo kila usiku kwa mazoea wangekaa chini na kalamu.

Kipande cha Munyonyo ndicho kilichodharauliwa, nami nakiona bora kuliko kile kikuu. Kinapita juu ya kinamasi kwa daraja la Nambigirirwa, zaidi ya kilomita moja ya zege, kisha kinakutoa Munyonyo ambako Ggaba Road na Salaama Road zinakungoja. Anayekwenda Ggaba, Bunga, Kansanga, Muyenga au Kabalagala asifikirie mara mbili. Hata anayekwenda Bugolobi au eneo la viwanda anaweza kuingilia huku akakwepa Kibuye na Clock Tower kabisa. Tatizo ni moja: Ggaba Road ni nyembamba, na kuanzia saa kumi na moja jioni kati ya Kansanga na Kabalagala inafunga. Asubuhi, kwa anayetoka Munyonyo kwenda Entebbe, unakwenda kinyume na umati, na huo ndio usafiri mzuri kuliko wote unaoweza kununua kwa elfu tano katika mji huu.

Getini. Unalipa kwa fedha taslimu au kwa kadi uliyoitia pesa mapema. Foleni ya getini karibu yote hutokana na kitu kimoja: noti ya 50,000 mbele ya karani asiye na chenji ya kutosha asubuhi. Mwenye noti ya 5,000 mkononi na kioo kimeshushwa hupita chini ya nusu dakika. Mwenye kuanza kupekua pochi akiwa dirishani anawalipisha muda watu kumi nyuma yake. Chagua njia kabla hujafika kwenye mistari ya mwisho. Kubadili njia mita ishirini kutoka kwenye kizuizi ndiko kunakokwaruza vioo vya pembeni. Njia ya kadi usiingie nayo kama kadi yako haina salio, kwa sababu kurudi nyuma hakuwezekani. Ukiitia kadi pesa kwa simu, kumbuka ada ya muamala ya mtandao wako, na kama unatoa taslimu kwa wakala kwanza ndipo ulipe, kuna ile asilimia 0.5 ya kodi ya kutoa pesa inayokatwa juu ya ada ya wakala. Kwa elfu tano si kitu. Kwa mtu anayepita kila siku, inafaa kuweka kwenye kadi kwa mkupuo mmoja mwanzoni mwa mwezi.

Kuhusu pasi za wiki na za mwezi, usizinunue kwa sababu jina lake linasikika kama punguzo. Hesabu safari zako halisi. Mfanyakazi wa siku tano anayekwenda na kurudi ana safari 10 kwa wiki, sawa na 50,000 za kulipa moja moja, na karibu safari 44 kwa mwezi wa siku 22 za kazi, sawa na 220,000. Pasi ina faida pale tu bei yake inapokuwa chini ya hapo, na pale tu unapopita huko pande zote mbili. Wengi asubuhi hupita barabara ya kulipia kwa kuogopa kuchelewa, jioni hurudi kwa ile ya zamani wakinunua nyanya na mkaa njiani. Hao ni safari 22 tu, yaani 110,000, na pasi inawakata.

Lami ni nzuri, na kwa Uganda hilo si jambo dogo: hakuna mashimo, hakuna matuta, hakuna boda anayeibuka kushoto kwako. Njia mbili kila upande, polepole kushoto, kupita kulia. Kikomo cha mwendo ni kilomita 100 kwa saa na hakuna sababu ya kukivuka. Kutoka Mpala hadi Busega kwa 100 ni dakika 22. Kwa 120 ni dakika 18 na nusu. Dakika tatu na nusu hizo zinanunuliwa kwa mafuta zaidi na kwa hatari ya faini. Mfumo wa kamera wa kutoza faini zenyewe ulipoanza Juni 2025, viwango vilikuwa 200,000 kwa kuvuka kikomo kidogo na 600,000 kwa kuvuka kwa zaidi ya kilomita 30, kelele zikapigwa hadi serikali ikausimamisha kwa muda ndani ya siku chache. Kelele nyingi zilihusu kikomo cha kilomita 30 mjini na jinsi mabango yake yalivyokuwa haba. Faini ndogo kabisa kati ya hizo ni sawa na kupita getini mara 40. Angalia namba ya gari lako kwenye mfumo wa faini kila baada ya muda, hasa kama gari umelinunua kwa mtu au unalikodisha. Deni hufuata namba, si dereva.

Mambo yanayoharibika hapa ni tofauti na ya mjini. Mjini gari bovu linakufa taratibu; hapa linakufa kwa kishindo. La kwanza ni tairi. Magari yetu mengi yanatembelea tairi zilizotumika Japani, na zile ambazo kwa mwendo wa 40 zinavumilia mwaka mzima hupasuka kwa 100 katika jua la saa nane. Soma ubavuni namba nne za tarehe: 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi iliyovuka miaka sita, hata kama meno yake bado marefu, isipande huku. Upepo pungufu ni mbaya kuliko uliozidi, kwa sababu ubavu hukunjika na kupata moto. Kipimo sahihi kimebandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, na kwa magari madogo mengi ni kati ya psi 30 na 33, ukipima tairi zikiwa baridi.

La pili ni maji ya rejeta. Gari linalovuja kidogo kidogo na kuongezwa maji ya bomba kila asubuhi litafika Kajjansi, kisha sindano ya joto itapanda kwenye mlima unaofuata. La tatu ni mafuta: usitegemee kupata kituo ndani ya barabara hii, kwa hiyo mtindo wa kutia ya elfu kumi kumi unaofaa Najjanankumbi, ambako kila mita mia tano kuna pampu, huku haufai. Ingia na robo tangi angalau. Beba pembetatu mbili za kuakisi, spea yenye upepo, jeki na spana ya nati zako. Ukiharibikiwa, sogea kushoto kabisa ya bega la barabara, washa taa za tahadhari, weka pembetatu ya kwanza hatua hamsini nyuma ya gari na nyingine nyuma zaidi ya hapo, kisha watu wote watoke na kusimama nje ya kinga ya chuma. Kukaa ndani ya gari lililosimama ndiko kunakoua.

Asubuhi na mapema vinamasi hutoa ukungu, na baada ya mvua kubwa maji hutuama kwenye mabonde. Punguza hadi 60 bila kukanyaga breki ghafla. Uzio nao umekuwa ukiibwa vipande kwa ajili ya chuma chakavu, pamoja na mabango, kwa hiyo ng'ombe na watu wanaokatiza si jambo la kushangaza karibu na makazi. Usiku hilo ndilo tatizo kubwa kuliko mengine yote.

Sasa yule asiye na gari. Taksi za Entebbe, zile zenye viti 14, karibu zote zinabaki barabara ya zamani, na sababu yake si tozo. Elfu tano kwa abiria 14 ni chini ya shilingi 400 kwa kichwa. Sababu ni kwamba taksi haiishi kwa abiria wanaotoka mwanzo hadi mwisho. Inaishi kwa wanaoshuka Kitende na wanaopanda Lubowa. Barabara ya kulipia haina steji. Kwa hiyo mkopo uliobebwa na wote umejenga barabara ya wenye magari, na abiria wa taksi amepata nafuu ya pembeni tu: magari yaliyohamia kule yamempunguzia foleni kidogo. Kama sera ya usafiri, hapo ndipo kasoro kubwa ilipo. Mabasi ya moja kwa moja Entebbe–Busega–Bweyogerere, yenye ratiba, yangeligeuza hili kwa gharama ndogo sana ukilinganisha na zege lililokwisha kumwagwa. Wakati huohuo ushuru wa petroli ulipandishwa Julai 2024 kutoka 1,450 hadi 1,550 kwa lita, na huo kondakta anaurudisha kwenye nauli bila kumuuliza abiria anapita barabara gani.

Kwa anayekodi gari, kubalianeni tozo kabla injini haijawaka. Madereva wa special hire, yaani magari madogo ya kukodi, wana bei mbili, moja yenye tozo na moja isiyo nayo, na mgeni asiyeuliza hutajiwa ile ya juu kisha akapitishwa Zana. Sema wazi: "Ssebo, bei hiyo ni ya kupita barabara ya kulipia, na tozo iko ndani?" Kwa wa programu za simu, bei huhesabu kilomita na dakika, njia ya Busega ina kilomita nyingi, kwa hiyo bei ya programu yenyewe itapanda, na tozo mara nyingi utaitoa taslimu getini. Ukienda katikati ya mji usiku, mwambie dereva apite ya zamani. Risiti ya getini ichukue wewe uliyelipa, hasa kama ofisi inakurudishia. Bila hiyo mhasibu hana la kukuandikia.

Na kwa mwenye ndege: tozo inakuokoa hadi Mpala, si hadi kwenye kaunta. Kutoka Mpala bado kuna barabara ya kawaida kupitia Kitooro, halafu kizuizi cha ulinzi kabla ya uwanja, ambapo abiria hushuka na kupita kwa miguu kwenye mashine huku gari likikaguliwa. Jioni za ndege nyingi hapo peke yake kunaweza kula nusu saa. Kutoka Naalya weka saa moja na nusu hadi mlangoni, kutoka Munyonyo saa moja, na kutoka Wandegeya kati ya saa kumi na saa mbili usiku weka saa mbili na nusu, ulipe tozo au usilipe.